Disney World wiki ya Krismasi: kwenda na watoto na kurudi mkiwa bado mnasemeshana

Ushauri wa bure kwanza: kama unaweza kwenda wiki nyingine yoyote, nenda wiki hiyo nyingine. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, Walt Disney World ya Florida hufurika kuliko wakati wowote wa mwaka, na imewahi kutokea wakasimamisha watu getini Magic Kingdom kwa sababu ndani hapana pa kuweka mguu. Haya, nimeshasema. Sasa najua utakwenda vilevile, kwa sababu shule zimefungwa, likizo uliyopewa kazini ni hiyohiyo, na mama ameshakatiwa tiketi ya ndege kutoka Dar. Sisi ndivyo ilivyokuwa, na si mara moja. Safari ya kwanza tulirudi Atlanta kimya, mwendo wa saa saba, mtu hamsemeshi mwenzake mpaka Macon. Safari ya pili tulirudi tukiimba.

Kosa la safari ya kwanza lilikuwa tamaa. Tulitaka tuone vyote, tukaishia kuona migongo ya watu. Wiki ile ukweli ni kwamba unanunua saa tatu tu za maana, tangu geti linapofunguliwa mpaka saa tano asubuhi. Saa zinazobaki kazi yako ni kulinda miguu, matumbo na hasira za watu wako.

Kwa ambaye hajawahi kufika: Disney World si uwanja mmoja. Ni bustani nne za burudani zilizotawanyika kwenye ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba 100 karibu na Orlando. Magic Kingdom, yenye lile kasri la picha zote, ilifunguliwa 1971. Epcot ikafuata 1982, Hollywood Studios 1989, Animal Kingdom 1998. Kila moja ina geti lake na maegesho yake, na tiketi ya kawaida ya siku inakuingiza kwenye bustani moja tu. Waelezeni hivyo ndugu walioko nyumbani, maana wao wanadhani mnazunguka zote kwa mchana mmoja.

Hatua ya 1: Siku na bustani

Kilele ni tarehe 26 hadi 31 Desemba. Shule ya watoto ikifunga mapema, siku za kabla ya tarehe 20 zina nafuu. Kama lazima iwe ndani ya kilele, usimpeleke mtoto mdogo Magic Kingdom tarehe 31. Fataki za kuukaribisha mwaka hupigwa pale usiku wa tarehe 30 pia, zilezile, na msongamano unapungua japo kidogo.

Siku mbili za bustani zinatosha, na katikati yake wekeni siku moja ya kulala na kuogelea hotelini. Siku hiyo ya katikati wanaume wengi huiona hasara. Si hasara, ndiyo inayolipia siku ya pili.

Bustani gani? Wenye watoto chini ya miaka minane, Magic Kingdom haina mjadala. Vijana wanaotaka mwendo wa kasi wapelekwe Hollywood Studios. Epcot mimi naiona ni ya watu wazima na wapenda kula. Animal Kingdom inafaa wote, akiwemo Bibi, na nitaielezea kwa sababu ina jambo lake na sisi Waswahili.

Hatua ya 2: Tiketi

Bei hubadilika kwa tarehe, na wiki hii ndiyo ghali kuliko zote. Tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom kwa mtu mzima inacheza kwenye dola 200, na miaka ya karibuni imevuka hapo. Mtoto wa miaka 3 hadi 9 anapunguziwa kidogo sana. Akitimiza 10 ni mtu mzima machoni pao, hata kama bado analala na mdoli. Chini ya miaka 3 anaingia bure, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili na miezi kumi na moja ni baraka ya muda mfupi, itumieni. Maegesho ni dola 30 na zaidi kwa gari kwa siku.

Kuna jamaa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaouza tiketi "zilizobaki siku mbili". Usinunue. Tiketi ina jina, haihamishwi, na getini wanapima kidole. Ukikwama pale na watoto watatu wamevaa masikio ya Mickey, hutakuwa na wa kumlalamikia. Nunua kwao wenyewe au kwa wakala waliyemwidhinisha, kisha ingiza majina ya familia nzima kwenye programu yao ya simu, My Disney Experience, mkiwa bado nyumbani na intaneti ya kueleweka.

Hatua ya 3: Pima watoto kimo, nyumbani, kwa futi kamba

Hii watu wanairuka, halafu wanalilia kwenye mlango wa mchezo. Michezo mingi ya kasi ina kimo cha chini, na kwenye kila mlango pana kijiti cha kupimia na mfanyakazi asiyebembelezeka. Magic Kingdom, treni ya Seven Dwarfs Mine Train inataka inchi 38, yaani sentimita 97. Tiana's Bayou Adventure, ule wa kuporomoka majini, inchi 40 (sentimita 102). Space Mountain inchi 44 (sentimita 112). TRON inchi 48 (sentimita 122).

Safari ya kwanza mwanangu wa kati alifika mlango wa Space Mountain baada ya kuzungumzia roketi tangu tunaingia Florida. Akasimama kwenye kijiti, akavuta shingo kama kuku anayechungulia jikoni. Pungufu ya kidole kimoja. Wenye kisa kama hicho wanakijua kilio chake, kinatoka tumboni na hakinyamazishwi na aisikrimu. Safari iliyofuata tulimpima kwenye fremu ya mlango wa jikoni, tukachora mstari wa penseli, tukaandika pembeni majina ya michezo anayoruhusiwa na asiyoruhusiwa. Akalia nyumbani, wiki tatu kabla, akasahau.

Kwa mliye na mkubwa anayetaka kupanda na mdogo asiyefika kimo, ombeni Rider Switch mlangoni. Mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Ni bure, na mara nyingi mkubwa anaruhusiwa kupanda tena na mzazi wa pili. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui.

Hatua ya 4: Kila mtu na kitu chake kimoja

Wiki moja kabla, kaeni mezani. Kila mtu ataje kitu kimoja, kimoja tu, ambacho asipokipata atanung'unika mpaka Pasaka. Kwetu mkubwa alitaka Space Mountain, wa kati alitaka boti za msituni, mama yangu (watoto wanamwita Bibi) alitaka kukaa mahali akitazama gwaride bila kusukumwa. Mimi nilitaka picha moja ambayo wote wamefumbua macho. Orodha ikabandikwa kwenye friji. Chochote kingine kitakachopatikana ni nyongeza, na kisipopatikana hakuna kesi.

Hatua ya 5: Njia ya haraka, na saa za Kiswahili

Lightning Lane ni foleni ya kulipia. Unachagua mchezo na muda kwenye simu, unafika ndani ya saa moja uliyopewa, unapita pembeni ya watu waliosimama dakika 90. Inayoitwa Multi Pass inakupa michezo mitatu ya kuanzia na nyongeza unapozitumia, na wiki ya Krismasi inazidi dola 30 kwa mtu kwa siku, juu ya tiketi. Michezo michache inayogombaniwa sana, kama TRON, huuzwa pekee kwa jina la Single Pass. Wanaolala kwenye hoteli za Disney huanza kuchagua siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3 kabla, saa moja kamili asubuhi kwa saa za Florida. Saa moja na robo mambo mazuri yameshaondoka.

Inastahili? Wiki za kawaida ningesema hapana, amka mapema yatosha. Wiki hii, kama mnakwenda siku moja tu Magic Kingdom, nunua na ule ugali nyumbani mwezi mzima. Mtoto wa chini ya miaka 3 hahitaji.

Tahadhari ambayo hutaisoma kwenye tovuti yao: nilipanga muda wa boti za msituni, nikaandika kwenye grupu la familia "boti saa tatu". Kwenye simu ilikuwa 3:00 PM. Baba watoto, ambaye kichwa chake bado kiko Morogoro, akasoma saa tatu asubuhi, akamchukua wa kati wakakimbia hadi mlangoni, wakarudishwa. Saa tisa alasiri ilipofika mtoto alikuwa amelala karibu na Bibi upande wa pili wa bustani, simu imezima. Muda ukapita, pesa ikaenda. Tangu hapo kwenye grupu tunaandika tarakimu kama zilivyo kwenye simu, 3:00 PM, na mtu haruhusiwi kutaja saa kwa mdomo.

Hatua ya 6: Mkoba

Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, ilimradi hakuna chupa za kioo wala pombe, na boksi la barafu lisiwe kubwa. Hili peke yake linaokoa dola nyingi. Kinachovumilia siku nzima ni chapati iliyokunjwa na yai au maharage makavu. Haimwagiki, haitoi harufu ya kuwageuza watu shingo, na mtoto anakula akitembea. Sambusa zinapondeka. Maji usibebe mengi, kwa sababu kwenye vibanda vinavyouza vinywaji vya mashine ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bure.

Baridi ya Florida inadanganya. Asubuhi ya Desemba inaweza kuwa nyuzi 10 au chini yake, mchana ikapanda zaidi ya 22. Vaeni nguo za kuvua moja baada ya nyingine. Na chukua khanga, doti nzima. Moja inafunika kigari jua linapopiga, nyingine mnakalia kwenye ukingo wa barabara wakati wa gwaride. Usiku zote mbili ni blanketi. Hakuna kitu nilichobeba kikafanya kazi kama zile khanga, na nilibeba vingi.

Viatu viwe vilivyozoea mguu, maana tulitembea hatua zaidi ya elfu ishirini kwa siku. Plasta za malengelenge, pawabenki mbili (ile programu inakula chaji kama mchwa), pampasi za kutosha nusu siku. Zikiisha kuna Baby Care Center kwenye kila bustani, penye meza za kubadilishia, viti vya kunyonyeshea na vitu vya kununua.

Kigari cha mtoto kisizidi upana wa inchi 31, yaani sentimita 79, na vile vigari vya kuvuta kama rukwama haviruhusiwi. Hata mtoto wa miaka mitano aliyeacha kigari zamani atakihitaji saa nane mchana, niamini. Mlangoni mwa mchezo unakiacha nje pamoja na vingine mia, na wafanyakazi huvihamisha kuvipanga vizuri. Funga kipande cha kitenge kwenye mpini, vinginevyo utazunguka ukiinua vifuniko vya watoto wa watu.

Nikiwa kwenye kitenge: shoneni sare. Familia za pale huvaa fulana za kufanana, nyekundu kwa nyekundu, mpaka huwezi kujua mtoto ni wa nani. Kitenge cha manjano na bluu kinaonekana kutoka upande wa pili wa kasri.

Siku ya kwanza: Animal Kingdom

Anzeni hapa, kwa sababu hufungwa mapema kuliko nyingine na watoto watajifunza foleni bila kuchoka kupita kiasi. Mkifika nendeni moja kwa moja Kilimanjaro Safaris, lile gari la wazi linalopita katikati ya wanyama wa kweli. Asubuhi wanyama wanatembea, mchana wengi wamejilaza kivulini. Bibi alipoona twiga alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Nimepanda ndege mbili, nimepekuliwa mpaka viatu, nije nitazame twiga?" Dakika chache baadaye alikuwa anamweleza jirani yake kwa ishara jinsi twiga anavyokunywa maji.

Sasa lile jambo letu. Geti la safari hiyo liko kwenye mji wa kubuni unaoitwa Harambe, na sura ya mji huo imechukuliwa kwenye miji yetu ya pwani, Lamu hasa. Kuta zimechakazwa makusudi, rangi imebanduliwa kwa ustadi, na mabango ni ya Kiswahili. Kuna kibanda kinaitwa Tamu Tamu, kuna Dawa Bar, kuna mkahawa wa Tusker House ambao Wakenya wakifika lazima wapige picha. Hata hoteli yao ya karibu ina majengo yanaitwa Jambo House na Kidani Village, na mgahawa unaitwa Boma.

Mwanangu wa kati nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Pale alianza kusoma mabango kwa sauti, moja baada ya jingine, kama karani wa kijiji. Mama mmoja wa Kimarekani nyuma yetu akamwuliza Tamu Tamu maana yake nini. Akafikiri. Akamwambia ni tamu, lakini imesemwa mara mbili kwa sababu mara moja haikutosha. Kwa mzazi wa ughaibuni, hapo tiketi imejilipa.

Ila chungeni midomo. Tumezoea kusengenya watu kwenye foleni kwa Kiswahili tukijua hakuna anayesikia. Baba watoto alitoa maoni kuhusu kofia ya bwana aliye mbele yetu. Yule bwana akageuka, akasema, "Shikamoo, na wewe kofia yako iko wapi?" Alitoka Tanga.

Maputo msinunue kwingine mkaja nayo hapa, hayaruhusiwi kwa ajili ya wanyama.

Siku ya pili: Magic Kingdom, asubuhi

Wiki hii geti hufunguliwa mapema, mara nyingi saa mbili au kabla yake. Angalia kwenye programu usiku wake. Kisha rudisha nyuma: ikiwa wanafungua saa mbili, gari liwe kwenye kibanda cha maegesho saa moja kasorobo. Najua unaona nimezidisha. Hesabu mwenyewe. Maegesho ya Magic Kingdom hayako Magic Kingdom, yako ng'ambo ya ziwa. Unaegesha, unatembea au unapanda kitreni hadi kituo, unapita ukaguzi wa mikoba, ndipo unachagua treni ya reli moja au pantoni. Ndiyo, pantoni, kama ile ya Kigamboni isipokuwa haina mikungu ya ndizi. Treni inapendwa na kila mtu, kwa hiyo foleni yake ni ndefu. Pantoni inameza mamia kwa mara moja. Pandeni pantoni.

Kabla hamjaondoka kwenye gari, piga picha mbili. Moja ya watoto wote wamesimama wima, uwe na sura na nguo za siku hiyo. Nyingine ya bango la mahali mlipoegesha, maana maegesho yamepewa majina ya wahusika. Sisi tulipaki Simba, na ilikuwa rahisi kukumbuka kuliko kupaki kwa mwovu.

Wanaolala kwenye hoteli zao huingia nusu saa kabla ya wengine, na huanzia upande wa Fantasyland na Tomorrowland. Kwa hiyo ninyi mliotoka hoteli ya nje, msikimbilie huko, mtakuta foleni imeshaota mizizi. Geuzeni kushoto, Adventureland. Chukueni Jungle Cruise kwanza, zile boti zenye nahodha mwenye vichekesho vibovu, ambazo saa nne baadaye foleni yake inapinda mara sita. Halafu Pirates of the Caribbean. Tumieni Lightning Lane yenu ya kwanza Fantasyland. Saa tano ikigonga mmeshafanya vitu vinne, na wenzenu waliolala hadi saa tatu wako kwenye pantoni.

Kama kuna Bibi, kodini kiti cha magurudumu mara tu mkiingia. Hata kama anasema ana nguvu. Wangu alikataa, akasema kile ni cha wagonjwa. Saa sita alikikalia "kushikilia mikoba", na hakushuka tena.

Mchana

Kuanzia saa sita mpaka saa kumi hakuna mchezo wa maana usio na saa nzima ya kusimama. Msishindane. Wakati huu tafuteni kumbi kubwa zenye viti na kiyoyozi, zinazochukua mamia kwa mpigo. Ninayoipenda ni Carousel of Progress, jumba la maonyesho ambalo viti vyake vyenyewe ndivyo vinavyozunguka. Ilianza kuonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia New York mwaka 1964, na vijana wanaiona ya kizamani. Nakubali. Lakini ni dakika ishirini na moja za kukaa, kwenye giza na ubaridi, na mdogo wetu alilala kabla ya jukwaa la pili. Mickey's PhilharMagic ni ya namna hiyohiyo. Hall of Presidents pia, kama kuna anayeomba uraia na anataka kujikumbusha majina.

Chakula cha kununua agizeni kwa simu tangu saa nne, mchague muda wa kukichukua. Ukisubiri njaa ndiyo ikuambie, nafasi zimejaa mpaka saa tisa.

Mkihitaji kutoka kabisa, hoteli ya Contemporary iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka getini. Treni ya reli moja inapita ndani ya jengo lenyewe, juu ya vichwa vya watu. Watoto wetu walikaa chini nusu saa wakihesabu treni, bila kulipa kitu.

Gwaride: watu hushika nafasi kwenye ukingo zaidi ya saa nzima kabla. Mgawane. Bibi na mmoja wenu wakae na khanga zao, wengine waende upande wa mbali wa bustani, maana gwaride likipita foleni za huko hulegea. Ila barabara kuu ikishafungwa kuvuka ni shida, basi muwe upande mnaoutaka mapema.

Mtoto akipotea

Wafundishe kabla. Mtu wa kumwendea ni yule mwenye kibandiko cheupe cha jina kifuani, kimeandikwa jina lake na mahali alipotoka. Fanyeni mchezo asubuhi, kila mtoto asome vibandiko vitatu. Aliyepotea asimame hapohapo, asitutafute, sisi ndio tutafute. Namba ya simu iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye mkono, juu ya kiwiko, upande wa ndani. Watoto wasiopatikana haraka hupelekwa Baby Care Center, na ya Magic Kingdom iko mwisho wa Main Street, ile barabara kuu ya kuingilia, kabla ya kasri, upande wa kushoto.

Wetu wa kati alitupotea gwaride lilipoisha na watu wakasimama wote pamoja. Dakika tano labda. Mimi ningeapa ni saa. Kosa lilikuwa letu, kila mmoja alidhani kamshika mwenzake. Tulimkuta amesimama kwenye nguzo ya taa, mfanyakazi mmoja amechuchumaa mbele yake anasoma namba mkononi. Mtoto hakulia. Alisema, "Nguo yako niliiona, mama, ila wewe sikukuona."

Tangu hapo, kila tunapohama kutoka mahali, mtu mzima mmoja anataja majina kwa sauti na kila mtoto anaitikia. Watu wanatutazama. Watutazame.

Jioni na kutoka

Jua huzama saa kumi na moja na nusu na ushei, na taa zikiwaka bustani inapendeza kuliko mchana. Huu ndio wakati wa picha, na wa mchezo mmoja wa mwisho kama mmeweka Lightning Lane.

Kuhusu fataki kuna njia mbili. Mkikaa mbele ya kasri, mtasimama kifua kwa mgongo zaidi ya saa moja, na zikiisha umati mzima unaelekea mlango mmoja. Basi msitoke. Nunueni aisikrimu, kaeni, maduka ya Main Street huendelea kuwa wazi kwa muda baada ya muda wa kufunga.

Wenye wadogo tokeni kabla hazijaanza. Pandeni pantoni, mshuke ng'ambo, simameni karibu na gati. Fataki zinaonekana juu ya ziwa, mlio wake umepungua, na nyuma yenu kuna nafasi ya kugeuza kigari. Mdogo wetu mara ya kwanza, pale chini ya kasri, alijificha ndani ya koti langu akipiga kelele. Kutoka gatini alizitazama kidogo, akalala.

Jambo la mwisho ni hilo la kigari. Kwenye pantoni mtoto anabaki amelala kwenye kigari chake. Kwenye kile kitreni cha maegesho lazima kigari kikunjwe, na kukikunja ni kumwamsha. Kama mmeegesha si mbali sana, tembeeni. Baba watoto alisukuma, Bibi akamulika kwa simu, na mimi nikashika picha ya bango la Simba kwenye skrini mpaka tukalifikia gari.